Mke Niliyemwoa Jikoni

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nimeshuhudia uhalifu. Mchana kweupe, saa nane, mbele ya bweni letu la wanafunzi huku ughaibuni. Watu tisa wamemfunga kijana kwenye nguzo ya taa kwa mkanda wa kufungia mizigo. Wamemvalisha miwani ya kuogelea. Wamemmwagia ndoo ya maji. Kisha, Mungu wangu, wakammiminia unga wa rangi ya udongo kuanzia utosini hadi viatuni. Nilidhani ni sumu. Upepo ukaniletea harufu. Mdalasini! Kilo nzima, labda mbili. Kwetu Jimma mama hutia kijiti kimoja kwenye birika la chai, na kijiti hicho hicho hukianika kwa ajili ya kesho.

Nilijibanza nyuma ya baiskeli nikangoja polisi. Polisi hawakuja. Akaja bibi mmoja juu ya baiskeli, mvi tupu, akapunguza mwendo. Nikajua mwokozi ndiye huyu. Akampa yule kijana hongera, akapiga kengele, akaenda zake.

Nikakimbilia jikoni kutoa taarifa. Jiko letu ni la watu kumi na wawili, ghorofa ya tatu. Alikuwepo Asger peke yake, jirani yangu wa chumba 312, urefu wake sawa na mlango, anapaka ini la kusaga kwenye mkate mweusi. Nilimweleza kama shahidi mahakamani: saa, idadi ya washambuliaji, rangi ya mkanda. Akauliza kama jamaa alikuwa na furaha. Kisha akaeleza huku anatafuna. Mtu akitimiza miaka ishirini na mitano hajaoa, hupakwa mdalasini. Basi. Yeye walimpaka mwaka jana, na mpaka leo akipiga chafya inatoka keki.

Akainua macho kwenye kalenda ya ukutani, ambako kila mkazi ameandika siku yake ya kuzaliwa. Mimi niliandika yangu siku ya kwanza, tena na mwaka, kwa sababu ilikuwa karatasi yenye mistari na mimi ni karani. Asger akahesabu kwa kidole chenye ini. "Siku kumi, mzee," akasema. "Anza kujizoeza."

Niandike mambo mawili kabla hofu haijayafuta. Kwanza, siwezi kuhama hapa. Chumba 314 nimekipata baada ya wiki saba kwenye kochi la shemasi wa kanisa letu, miguu nje, paka wa shemasi kifuani. Ofisi ya ardhi ya Jimma imenipa ruhusa ya masomo ya miaka miwili, na mkuu wangu alisema nisirudi bila cheti. Nikipoteza chumba hiki hakuna kingine. Pili, siwezi kufungwa kwenye nguzo. Mimi ni karani wa masijala. Nina mashati manane meupe.

Jumanne, 4 Februari

Sikula. Nilijaribu kusoma sura ya utunzaji wa kumbukumbu nikaona mdalasini kati ya mistari.

Lakini leo kilikuwa kikao cha jiko! Hawa watu hufanya kikao kwa kila kitu. Leo ajenda ilikuwa na vipengele vinane, na kipengele cha tatu kilihusu sifongo. Dakika thelathini na tano juu ya sifongo! Nani aliloweka, nani hakukamua. Hakuna aliyepandisha sauti. Nilishtuka zaidi kuliko kama wangepigana.

Katibu ni mimi. Nilichaguliwa mwezi uliopita waliposikia kazi yangu ya nyumbani. Mwenyekiti ni Ditte, anasomea uuguzi, msichana mwenye upole wa kutisha. Akikuuliza "U hali gani?" anasubiri jibu.

Ndipo wazo likanijia, wakati bado wako kwenye sifongo. Katika masijala yetu jambo lisiloandikwa halikutokea. Na lililoandikwa je? Nimerudi chumbani, nimepiga chapa kumbukumbu za kikao safi kabisa, vipengele vinane, na mwisho nimeongeza kipengele cha tisa: "Mengineyo. Jiko limekubaliana kusitisha desturi zote zinazohusu viungo vya chakula juu ya miili ya wakazi." Lugha ya ofisi. Imetulia. Nimewatumia wote kumi na mmoja kwa barua pepe saa kumi na moja jioni.

Sio uongo. Ni pendekezo lililowahi kufika.

Miaka minne nimeandika kumbukumbu za vikao Jimma. Hakuna aliyewahi kuzisoma.

Jumatano, 5 Februari

Wamezisoma. Wote!

Saa moja asubuhi nilikuta majibu saba. Mmoja alisahihisha koma katika kipengele cha pili. Wanne walimshukuru katibu kwa kazi nzuri. Wawili waliomba kujua, kwa heshima zote, kipengele cha tisa kilijadiliwa saa ngapi, maana hawakumbuki kutoka nje ya chumba.

Nikaenda jikoni nikijifanya mgonjwa. Ditte akaniuliza kama niko salama. Nikasema lile ni kosa la kompyuta. Asger akasema kompyuta yangu ina akili sana, ingefaa igombee ubunge. Tayari alikuwa ameichapa ile karatasi na kuibandika mlangoni pa friji, na kipengele cha tisa amekizungushia wino mwekundu. Wote wanapita wanacheka. Hakuna aliyenikasirikia. Ningependa wakasirike, hasira naijua.

Kisha Asger akanishika bega, akaniambia kaka, usihangaike na makaratasi, njia ya kukwepa ni moja tu tangu zamani za babu zao: uwe na mke. Akauliza, kwa mzaha kabisa, mdomo umejaa mkate: "Au unaye, umemficha?"

Nikasema ninaye.

Sijui ilitoka wapi. Nilikuwa nimefungua mdomo ili nikohoe.

Sifongo likadondoka. Ditte akaja akanikumbatia, akasema kumbe ndiyo maana nina huzuni kila siku jioni. Nikasema ndiyo. (Jioni huwa nina njaa.) Asger akaiendea kalenda, akafuta alama nyekundu aliyokuwa ameitia kwenye tarehe kumi na tatu.

Nimeokoka! Nimelala mchana saa mbili nzima kama mtoto.

Alhamisi, 6 Februari

Wanataka picha.

Sikuwa nimefikiria picha. Mtu anapotunga mke anafikiria jina, pengine tabia. Asger alinivamia jikoni na watu watano nyuma yake, akasema shemeji tumwone, tusifanywe wajinga. Simu yangu ina picha za aina mbili: hati za ardhi, na ile moja ya kuniaga ofisini, watu kumi na wanne wamesimama mbele ya kabati la majalada. Nikafungua hiyo. Nikakusudia kuonyesha Rahel wa mapokezi, ana miaka ishirini na minne, anacheka vizuri. Kidole kikateleza, kikatua kwa mama Asnakech.

Mama Asnakech ni mkuu wa masijala. Ana miaka hamsini na minane. Ana wajukuu watano. Katika picha ameshika mhuri.

Nilitaka kusema si huyo. Nikangoja wacheke.

Hawakucheka! Asger akasogeza simu karibu na uso, akatazama kwa makini, akasema kwa heshima kwamba huyu mama ana macho ya mtu anayejua anachotaka. Ditte akasema umri si kitu, baba yake mwenyewe anaishi na mwanamke aliyempita miaka kumi na mmoja, na wanapiga makasia pamoja kila Jumamosi. Wakauliza tulikutana vipi. Nikasema kazini. Wakauliza nani alimwanza mwenzake. Nikasema alinipa jalada. Wote wakasema "Aaah!" kana kwamba nimeimba.

Mama Asnakech akijua nitaandikiwa barua ya onyo yenye nakala tatu.

Ijumaa, 7 Februari

Wameniokea keki. Imeandikwa HENOK NA ASNAKECH kwa sukari nyekundu, na bendera ndogo za nchi yao kuizunguka. Hawa watu hawawezi kuona furaha bila kuichomeka bendera. Leo ni Ijumaa, siku ya kufunga, haturuhusiwi maziwa wala mayai. Keki ilikuwa maziwa na mayai yaliyosimama wima. Nikala vipande viwili. Kuna dhambi nimezitenda wiki hii ambazo hata sijui zinaitwaje.

Ditte akauliza mke wangu anakuja lini. Nikasema haji. Akaweka uma chini. Macho yakamlengalenga. Hakuna mtu anayepaswa kuishi hivyo, akasema, mbali na ampendaye. Nikaona machozi yanakuja, nikaogopa, nikasema basi, anakuja Machi.

Makofi! Asger akapiga meza. Akasema mwezi ujao tunakula vya pilipili, wakaka na wadada, jiandaeni matumbo.

Ditte akatoa daftari akaandika "Machi", akapigia mstari.

Jumapili, 9 Februari

Mama amepiga simu ya video baada ya ibada. Nilikuwa jikoni, kosa langu. Asger akapita nyuma akiwa na taulo, akaona mwanamke wa makamo kwenye kioo, shela nyeupe kichwani. Akainama, akaujaza uso wake wote kwenye simu. "Shemeji!" akapiga kelele kwa Kiingereza. "Karibu sana Machi! Tunakutunzia mume vizuri!" Akamchorea moyo kwa vidole.

Mama haelewi Kiingereza. Akauliza yule mrefu asiye na shati ni nani na mbona anamwonyesha vidole. Nikamwambia ni mhadhiri wangu, anamtakia Jumapili njema. Mama akamrudishia ule moyo kwa vidole vyake. Asger akaniambia nina bahati, mke wangu ana ucheshi.

Mungu wangu. Mungu wangu. Mama amechoreana moyo na mtu mwenye taulo.

Jumatatu, 10 Februari

Msiba.

Barua kutoka ofisi ya makazi. Imeandikwa na Bodil, mama anayegawa vyumba vyote vya bweni hili. Inaanza kwa kunipongeza. Inasema amefurahi kusikia kutoka kwa mwenyekiti wa jiko, Ditte, aliyeniombea kwa niaba yangu ufunguo wa pili na kitanda kipana. Halafu inasema, kwa upole ule ule, kwamba vyumba vya ghorofa ya tatu ni vya mtu mmoja asiye na mwenzi. Wenye ndoa huhamia nyumba za familia. Foleni ya nyumba za familia ni miezi kumi na tisa. Hivyo naombwa kukabidhi chumba 314 ifikapo tarehe 28. Iwapo taarifa hii si sahihi, nilete uthibitisho wa maandishi kwamba sina mke, pamoja na sahihi ya mwenyekiti wa jiko, kabla ya saa sita mchana, Alhamisi tarehe 13.

Nimeisoma mara tisa. Mara ya tano nilianza kuipenda ilivyopangwa. Kisha nikalia.

Kochi. Paka. Shemasi amekwisha kunipa mkono wa kwaheri mara moja, tena kwa furaha.

Nikagonga kwa Ditte kumwambia amefanya nini. Akafungua mlango kabla sijaanza, uso unang'aa, akanitaka nifumbe macho. Amenunua duveti, lile blanketi nene la hapa lililojazwa manyoya. Jipya, zito, la Asnakech. Akaniambia hapa kila mtu na duveti lake hata kwenye ndoa yenye mapenzi makubwa, asije shemeji akalala akipigania blanketi.

Nikasema asante. Duveti liko chumbani kwangu sasa. Limekaa kwenye kiti linanitazama.

Jumanne, 11 Februari

Nimepata njia. Rahisi. Tumeachana!

Nikamwambia Ditte asubuhi saa mbili, macho chini. Mambo yameharibika kwa simu, nikasema, Asnakech amechagua kazi. Hesabu yangu: sina mke, kwa hiyo chumba ni changu, lakini niliwahi kuwa naye, kwa hiyo sipakwi. Nilijisifu ngazi zote nikishuka.

Saa tatu kikaitishwa kikao cha dharura, mimi nikiwa kipengele pekee. Walikaa duara. Kila mmoja alitakiwa kusema anavyojisikia. Asger akasema anajisikia vibaya, maana huenda ule moyo wa vidole ndio ulioleta mgogoro. Nikamwambia hapana. Akasema, ndugu yangu, usinilinde. Alikuwa na machozi, mtu mrefu vile! Nikaandika kwenye kumbukumbu: "A. ana majonzi."

Kisha ofisini kwa Bodil. Ana miwani miwili, mmoja usoni, mmoja kichwani. Nikamweleza tumeachana. Akanipa pole. Akaomba hati ya talaka. Nikasema imechelewa kwenye posta. Akageukia kompyuta yake, akagonga namba yangu ya mkazi, akavua miwani mmoja, akavaa wa pili.

Alinieleza bila kunikemea. Daftari la nchi linasema sijawahi kuoa. Jiko linasema nimeoa. Mimi nasema nimeacha. Yeye ni mtu mmoja, ana fomu moja, na kwenye fomu kuna visanduku vinne: hajaoa, ameoa, ameachana, amefiwa. "Chagua kimoja, Henok," akasema. "Vinne vyote kwa wiki moja ni vingi."

Nilifikiri sekunde kadhaa juu ya amefiwa. Mama Asnakech, nisamehe.

Akasema niende manispaa nikachukue hati, kisha Ditte asaini chini kwamba naishi peke yangu na sina mke. Bila sahihi ya Ditte, chumba kinaondoka. Amekwisha kuwa na mtu wa kukipokea, mwanafunzi kutoka Ureno, ameshalipia tiketi.

Jumatano, 12 Februari

Hati ninayo. Nzuri ajabu. Karatasi nene, jina langu, namba, na neno moja tu: hajaoa. Katika maisha yangu yote sijaona karatasi ya kweli kiasi hicho. Nikaishika njiani kwa vidole viwili kama yai.

Lakini Ditte akisoma neno lile, atajua wiki nzima. Keki, machozi, duveti! Nikakaa kitandani nikatunga mpango. Ni mpango mdogo, wa kiofisi. Nikaikunja fomu mara tatu hata ukabaki mstari wa sahihi tu juu. Hivyo ndivyo tulivyomsainisha meneja aliyepita Jimma, na hakuwahi kuuliza kwa nini karatasi zote za ardhi ni nyembamba.

Nikampata jikoni anamenya viazi. Nikaweka karatasi pembeni, kalamu juu yake, nikasema ni jambo dogo la utaratibu. Akafuta mikono. Akaikunjua. Yote! Akaanza kusoma kutoka juu, tarehe ya chapa, anwani ya manispaa. Hawa watu husoma hata maandishi ya chini ya sanduku la maziwa.

Akafika kwenye lile neno. Akalisoma, akanitazama, akalisoma tena. Kiazi kikabingirika hadi sakafuni na hakuna aliyekifuata.

Nilingoja anitukane. Akaniuliza jambo moja tu: yule mama kwenye picha ni nani. Nikasema bosi wangu. Akaniuliza anajua. Nikasema hajui. Akachukua kisu, akamenya kiazi kingine hadi mwisho. Halafu akasema hawezi kusaini peke yake jambo ambalo jiko zima lililipikia keki. Litajadiliwa. Kikao, kesho, saa moja asubuhi. Na katibu asichelewe.

Sina chumba. Naona. Nimeshaanza kukunja mashati.

Alhamisi, 13 Februari

Nimetimiza miaka ishirini na mitano nikiandika kumbukumbu za kesi yangu mwenyewe.

Wote kumi na wawili, saa moja kamili, nywele hazijachanwa. Kipengele cha kwanza: Mke wa H. Nilitakiwa kueleza. Nikasimama. Nikaeleza yote, kuanzia kikohozi. Nilisema niliogopa nguzo. Nilisema nimekaa wiki saba kwenye kochi na kwamba nikiondoka hapa sina pengine, na masomo yangu yamekwisha, na kwetu kuna mkuu wa masijala anayengoja cheti changu. Hata paka nilimtaja. Nikaketi nikaandika: "H. alieleza."

Mtu wa chumba 309, ambaye sijawahi kumsikia akisema neno, akasema kinachomuuma ni kwamba alikula keki ya arusi bandia wakati yuko kwenye lishe. Ditte akasema kinachomuuma yeye ni duveti, maana halirudishwi dukani. Halafu zamu ya Asger. Alikuwa amejishika kichwa. Nikajua amekasirika, na huyu akikasirika dari haitoshi. Akainua uso, mwekundu kama nyanya. Akauliza, basi yule mwanamke wa Jumapili alikuwa nani?

Nikasema mama yangu.

Asger aliteleza kwenye kiti. Alicheka hadi akalala sakafuni, na miguu ikafika chini ya meza ya pili. Wakaanza wote. Ditte alijizuia, akashindwa, akacheka akiwa ameshika fomu mdomoni. Niliandika: "Kicheko, dakika nne." Ikabidi nirekebishe: sita.

Kura: kumi na moja wanakubali Ditte asaini. Chumba 309 hakupiga. Ditte akasaini pale pale. Nikanyoosha mkono nipokee. Asger akaichukua yeye, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga vizuri kwa mpira.

Nikauliza plastiki ya nini.

Saa nne asubuhi nilikuwa kwenye nguzo. Nyuzi mbili chini ya sifuri. Walinivalisha miwani. Waliniuliza kama mkanda unabana, wakalegeza tundu moja. Maji! Niliita Bikira Mama kwa Kiamhari, na Asger, akidhani nimemsifu, akaniambia ahsante. Kisha mdalasini, kilo mbili na nusu, maana walikuwa wameagiza mapema na hawakusitisha, hata wakati nina mke. Masikioni. Puani. Ndani ya soksi. Shati moja kati ya manane limekwenda. Watu wanapita wananipongeza. Mwanamume mmoja alimnyanyua mbwa wake ili naye aone. Jiko zima likaniimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa, ubeti mmoja wakijifanya wanapiga tarumbeta, na chumba 309 ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Niandike hili haraka kabla sijalionea aibu: sikuwahi kuimbiwa na watu kumi na mmoja.

Saa sita kasoro robo. Fomu! Wakanifungua, nikakimbia. Niliacha nyayo za kahawia tangu kwenye nguzo hadi mlangoni pa ofisi ya makazi. Saa sita kasoro dakika mbili nikasimama mbele ya Bodil, nikitetemeka, nikidondosha. Hakushtuka hata kidogo. Akatoa fomu kwenye plastiki, akaipuliza, akapiga mhuri. Akatia alama kisanduku cha kwanza. "Hongera kwa siku yako," akasema. "Usiketi kwenye hicho kiti."

Chumba ni changu!

Jumapili, 16 Februari

Amani. Nimeoga mara tisa, bado nanukia kama mkate. Duveti ni langu, nimelinunua kwa Ditte kwa zamu tatu za kuosha sakafu. Joto lake linashangaza. Leo nimekaa jikoni na wenzangu kama mtu wa nyumbani, tukanywa kahawa, nikawachekesha kidogo.

Nimeapa, na ninaandika hapa iwe kumbukumbu: sitadanganya tena.

Kisha Asger akasema Jumamosi ijayo jiko zima linakwenda baharini. Kuoga. Februari! Wanavua nguo ufukweni, wote, wanaingia kwenye maji yenye barafu pembeni, wanapiga kelele, wanatoka, wanakunywa kitu kikali. Kila mwaka. Akaniambia nimekwisha kuwa wa ndani, kaka, sasa huna pa kukimbilia, labda uoe tena.

Wakacheka. Nami nikacheka. Halafu nikasikia sauti inasema nina ugonjwa wa moyo.

Ilikuwa yangu.

Lakini hili ni tofauti kabisa. Mke huonekana, ana picha, ana duveti. Moyo uko ndani. Hakuna kisanduku cha moyo kwenye fomu ya Bodil. Nimelifikiria vizuri safari hii.

Ditte aliweka kikombe chini akanishika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo akitazama saa ya ukutani. Akasema yanakwenda mbio sana. (Yalikuwa yanakwenda mbio kwa sababu alikuwa anayahesabu.) Akauliza iweje mgonjwa wa moyo anapanda ghorofa tatu mara nne kwa siku, katika jengo lisilo na lifti, na hakuna aliyeambiwa. Akatoa lile daftari. Kesho asubuhi anamwandikia Bodil nihamishwe haraka kabisa kwenda bweni la wagonjwa upande wa pili wa mji, isipokuwa kama ninayo barua ya daktari.

Sina wasiwasi. Nimemwambia barua inakuja, daktari anayenitibu ni kaka yangu, yuko Jimma, mtu mwenye shughuli nyingi.

Sina kaka. Lakini nani atauliza?